Kikohozi Kilichokupeleka Nduruma

Mdogo wangu Mani,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya ndugu huanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako. Sasa mimi na wewe tangu lini tukawa wazima? Nakuandikia nimekaa sebuleni hapa nyumbani Sekei, madirisha yote wazi, dawa ya kuvuta nimeshavuta, nimekohoa hadi nimechoka, na Mama ameenda kazini. Hofu kwako ipo kweli. Ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Ukiiona picha ya barua hii kwenye grupu la ukoo, usinikasirikie kabla hujafika mwisho. Najua hupendi mambo yako yaanikwe. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huniuliza kifua kinaendeleaje hata sijamaliza kusalimia, nikikujibu tu unaniaga, eti nisijichoshe. Halafu ni jambo ambalo ukoo mzima uliliamini kwa miaka kumi, na kila mtu alikosea. Nataka wajomba na mashangazi walisome siku moja na wewe.

Na kwa sababu kwenye grupu wamo wakwe na wadogo ambao hawakuwepo, niseme kwa kifupi. Sisi ni ndugu wawili, Ester na Eliamani. Baba alitangulia Mani akiwa bado anabebwa mgongoni, Mama akatulea peke yake. Tumezaliwa wote wawili na ugonjwa mmoja wa kurithi, sistiki faibrosisi kwa jina lake la hospitalini. Makohozi yetu ni mazito, hukaa kifuani, na kidudu kikishaingia humo kinajenga. Ugonjwa wenyewe hauambukizi mtu, unazaliwa nao tu. Kinachoweza kuhama kutoka kwangu kwenda kwako ni hivyo vidudu.

Kabla haujawa na jina la hospitalini, sisi tuliuita chumvi, unakumbuka? Ulikuwa ukirudi kutoka kucheza mpira paji la uso limepiga weupe, Mama akikubusu anajifuta midomo. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Hawa watoto wana chumvi," na watu wakacheka. Wakati ule tulikuwa tukitibiwa pumu, halafu tukatibiwa kifua kikuu, tena mara mbili. Wewe vile vidonge ulivimeza kwa maringo kwa sababu vilikufanya ukojoe rangi ya chungwa, na ulikusanya wenzako nyuma ya choo cha shule waje waone. Mwalimu alimwita Mama. Mama alirudi amekunja uso, akafunga mlango wa chumbani, tukamsikia anacheka peke yake.

Baadaye ndipo tulipopelekwa hospitali ya mbali, wakatupima jasho, na ile chumvi ikajulikana ni nini. Nesi alimfundisha Mama kutupiga mgongo kila asubuhi, kiganja kimekunjwa kama anachota maji, ili makohozi yalegee. Mama akichelewa kazini tulipigana wenyewe. Wewe ulikuwa na miaka minane na viganja vidogo, lakini hukuwa unapiga mgongo, ulikuwa unapiga ngoma. Ulinipigia nyimbo zote za kwaya ya watoto, mbavu za kushoto, mbavu za kulia. Nikikwambia inatosha unasema, "Tulia, Dada, sijafika kwenye kiitikio." Mpaka leo mashine ninayotumia inanitikisa kifua vizuri kuliko wewe, ila haijui wimbo hata mmoja.

Halafu kulikuwa na Jumamosi. Mama aliamini kujifukiza, na nani hapa mjini haamini? Anachemsha majani ya mkaratusi, anatia tangawizi na malimao, sufuria inawekwa sakafuni, sisi wawili tunapiga magoti tumetazamana, na lile blanketi zito la kijivu linatufunika vichwa vyote pamoja. Sharti lilikuwa moja, anayetoka kwanza anaosha vyombo. Wewe ulijua hutaweza kunishinda kwa kuvumilia joto, kwa hiyo ulinishinda kwa kunichekesha. Ulimwigiza mzee wa kanisa anayesinzia wakati wa mahubiri, ulimwigiza jogoo wa jirani, nami nikicheka nakohoa, nikikohoa na wewe unakohoa, usoni kwangu, usoni kwako, giza, mvuke, jasho linadondokea kwenye sufuria. Mama yuko nje ya blanketi anashangilia, "Kohoeni, wanangu, kohoeni itoke!"

Sijawahi kuwa karibu na mtu yeyote kama nilivyokuwa karibu na wewe mle ndani. Nilikuwa na furaha, Mani.

Ulipofika miaka tisa walipeleka makohozi yetu maabara, vikopo viwili vyenye majina yetu. Siku ya majibu wewe ulibaki kwenye benchi la nje unakunja ndege za karatasi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Mama akaniingiza ndani, maana alitaka mtu wa kumkumbusha maneno ya daktari tukifika nyumbani. Kwa hiyo hayo nitakayosema sikuhadithiwa. Nilikuwepo.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, anasema polepole. Alisema, "Huyu mkubwa ana kidudu kimeshajenga kifuani, tena sugu sana. Mdogo hana. Mdogo ni safi."

Isome tena hiyo sentensi, tafadhali. Mkubwa ni mimi.

Kisha akauliza tunalala wapi. Mama akasema chumba kimoja. Akauliza kama tunatibiwa chochote nyumbani. Mama, maskini, akajibu kwa fahari kabisa, "Nawafukiza kila Jumamosi, daktari. Wote wawili, chini ya blanketi moja." Daktari aliweka kalamu mezani. Hakumgombeza. Alimweleza kwamba mtu mwenye ugonjwa wetu akikohoa, vidudu vinatoka na matone madogo yasiyoonekana, vinaelea hewani, na hata akishaondoka chumbani vinaweza kubaki vikimsubiri mwingine aingie. Mtu mwenye mapafu mazima anavivuta na hadhuriki. Mwenye mapafu yetu anaweza kuvibeba maisha yake yote. Akasema ni bahati tu kwamba wewe ulikuwa bado hujavipata. Wasilale pamoja, wasikae gari moja, hata siku zao za kliniki zisigongane.

Mama hakulia pale. Alishika mikono yake miwili kama mtu aliyeungua.

Uamuzi wa wewe kuondoka ulikuwa hivi, na hakuna siri nyingine nyuma yake. Mimi ndiye niliyekuwa nahitaji dripu na sindano kila mara, kwa hiyo ilibidi nibaki karibu na hospitali. Wewe ulikuwa salama, kwa hiyo ungeweza kukaa shamba kwa Bibi, Nduruma, uje mjini siku za kliniki tu, ambako majibu ya makohozi yako alipewa Mama. Waliokutoa nyumbani walikutoa ili usiharibike.

Lakini kwetu unajua ilivyo. Mtoto akihamishwa, watu wanaona yeye ndiye mwenye tatizo. Ndugu walipokuja kuuliza, Mama alisema, "Daktari ameona mmoja anamwambukiza mwenzake." Hakusema nani, na hakuna aliyeuliza nani. Walikuangalia wewe unafunga viatu, begi lako liko mlangoni, wakaguna kwa huruma. Mama aliona wamekosea na akawaacha. Mimi nilikuwa binti wa darasa la saba, wakati ule wa kifua kikuu wenzangu walishasogeza dawati wasikae na mimi, na Mama aliogopa ikijulikana kwamba pumzi yangu ina vidudu sitapata hata mtu wa kuazimana naye daftari. Nami niliona. Na sitakudanganya leo ninapokuomba uniamini: nilifurahi kwamba macho ya watu hayakunigeukia mimi.

Pikapu ya Mjomba ilipokuja ulizunguka hadi dirishani kwangu. Ulishika nondo, ukasema, "Dada, ni mimi?"

Nilikujibu, "Bibi amekuwekea mbuzi."

Ilikuwa kweli, alikuwa amekuwekea mbuzi, yule mweusi mwenye sikio lililokatika. Ukasema, "Haya," ukaenda ukapanda gari. Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

Halafu zikaja zile Krismasi zetu za ajabu. Unakuja Sekei, unakaribishwa barazani, unaletewa pilau barazani, soda barazani, hata mvua ikinyesha unasogezewa kiti ukutani lakini huingii ndani. Mimi nakupungia mkono kutoka chumbani kupitia kioo. Mwaka mmoja nilikuona umevua kandambili ukazipanga mbali na mlango, na nilijua unawaza nini. Ulidhani hatutaki uichafue nyumba. Mani, nyumba ndiyo iliyokuwa chafu kwako. Mimi nilikohoa humo usiku na mchana, na Mama hakutaka uvute hewa yake hata kwa dakika tano.

Sasa nifike kwa kilichoniamsha. Mwezi uliopita, mvua zilipokatika, nilikuja kuwaona. Ulikuwa umetoka kupiga dawa nyanya, bado una zile buti na bomba liko mgongoni, na nilipokuona ulivyorefuka nilitaka kukukimbilia. Tukakaa kama kawaida yetu, mfereji katikati, mimi kwenye jiwe, wewe kwenye kigoda. Kabla hujakaa uliokota vumbi kidogo, ukaliachia taratibu, ukaangalia linakoelekea. Nilijua umejifunza kazini. Bibi ameniambia ulivyo mkali na vibarua, mtu asipige dawa upepo ukimjia usoni. Kisha ukabeba kigoda chako ukakiweka pale pale vumbi lilipoangukia.

Ukaniambia, "Kaa hapo hapo, Dada. Upepo unatoka kwako unakuja kwangu. Uko salama."

Ulitabasamu kabisa. Kumbe kila mara nilipokuja umekuwa ukifanya hivyo. Kila mara umenipima upepo, ukaenda kukaa kwenye pumzi yangu ili kunilinda na pumzi yako.

Nilisimama nikasema jua linaniumiza, nikavuka kwenye kidaraja, nikaenda upande wa pili wa migomba. Wewe ukaokota vumbi tena, ukazunguka. Nikasema hapa kuna siafu, nikasogea. Ukazunguka tena na kigoda chako. Tulizunguka ile migomba mara tatu kama kuku na kifaranga, mpaka Bibi akatoa kichwa jikoni akauliza, "Nyie mnacheza nini, na umri huo?" Tukacheka wote, na kicheko kikaniletea kikohozi, nikageuka nikaziba mdomo kwa kanga, na nikakuona unarudi nyuma kwa hofu, unarudi nyuma, unaniomba radhi. Unaniomba radhi mimi! Nikasema nawahi usafiri. Nilikuwa sijamaliza hata chai.

Bibi alinisindikiza hadi barabarani. Ulikuwa hujui aliyoniambia, sasa ujue, na Bibi anisamehe. Alisema, "Huyu mdogo wako ananitesa roho. Hali na mimi. Ana kikombe chake, ana sahani yake, anaviosha mwenyewe bombani, anakula nje kwenye gogo. Mtoto wa Mjomba wako ana miezi minne, hajamshika hata siku moja. Kwaya ameacha. Nikimuuliza, ananiambia, 'Bibi, mimi si mtu wa kukaa karibu.' Nani alimwambia maneno hayo?"

Nikamjibu, "Sijui, Bibi."

Kwa hiyo hiyo ni mara ya pili nakwepa kusema kweli, na nimeapa hakutakuwa na ya tatu. Jana jioni nilimkuta Mama anachambua mchicha, nikamwambia naandika. Aliacha kuchambua. Akasema, "Nilikuwa nasubiri akue."

"Amekua, Mama. Ana miaka kumi na tisa, anaishi kama mwenye kosa."

Akaniambia, "Andika. Na jina langu liweke, usinifiche." Kisha akaendelea na mchicha, lakini aliuchambua mpaka ukabaki vijiti. Usimchukie, Mani. Alitukinga kwa mkono mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa upande wa mkono huo. Kama una hasira, na ninadhani unayo haki, ilete kwangu. Nitaipokea yote. Ninachoogopa ni kwamba hutakasirika, utasema "Haya" kama siku ile na kupanda gari.

Nimemuuliza daktari kuhusu upepo wa mferejini. Anasema nje hewa hutawanya, hatari ni ndogo kuliko chumbani, lakini ndogo si sawa na hakuna. Kwa hiyo nakuomba uende ukapimwe makohozi wiki hii, usisubiri siku yako ya kliniki. Mwambie Mjomba akupeleke. Majibu yakija safi nitamshukuru Mungu kwa sauti hadi majirani waje kuuliza. Yakija mabaya, hutasikia kutoka kwangu habari ya mbuzi. Nitakwambia ni mimi, na nitakuwa nawe kwenye simu katika kila sindano, maana njia hiyo naijua hatua kwa hatua.

Mnaosoma kwenye grupu, hasa mashangazi zangu, nanyi nawaomba jambo. Mkimwona Mani msimwonee huruma kwa umbali. Mshikeni mkono. Mpeni yule mtoto ambebe. Kiongozi wa kwaya yumo humu, ni binamu yetu, namwomba akaweke kiti chake mahali pale pale kilipokuwa. Watakaotaka kunikalia mbali mimi wasihangaike, siwadhuru ninyi wenye mapafu mazima. Na kama bado mnaogopa, safari hii niogopeni mimi. Ni zamu yangu.

Nakukumbuka, mdogo wangu, kwa namna ambayo simu haisaidii. Nakukumbuka kwa mgongo wangu, kwa pale viganja vyako vilipokuwa vinapita. Kuna asubuhi nikishindwa kutoa makohozi najisemea Mani angekuwepo yangetoka, hata kwa kicheko. Halafu nakumbuka kwamba ukiwepo hapa utaugua, na nashukuru hupo. Sijui kama kuna dada wengine wanaomshukuru Mungu kwa jambo kama hilo. Mimi namshukuru kila siku, na kila siku linaniuma.

Inakaribia saa saba, Bibi anapakua. Weka simu mfukoni, ingia ndani, kaa mkekani, ule naye sahani moja, umchukulie hata nyama yake kama zamani mpaka akupige kofi. Mjomba akija na mtoto, mpokee. Huko Nduruma hakuna mtu hata mmoja wa kumkimbia, Mani, na hajawahi kuwepo. Duniani kote wa kumkimbia ni mmoja tu, naye yuko huku Sekei, anakupenda.

Dada yako